Kiti cha Kulia

Wanafunzi wake walimwita Mama Breki, na jina likamkaa. Kwa miaka kumi na minane alikuwa akifundisha watu kuendesha magari, na kazi yake ilikuwa kukaa kiti cha kushoto, mikono mapajani, mguu karibu na lile kanyagio la ziada ambalo gari la shule huwekewa ili mwalimu afunge breki mwanafunzi akipagawa. Walipita mikononi mwake manesi, makarani, wapishi, na hata babu mmoja aliyekuwa akiliamkia gari kila asubuhi kabla ya kuliwasha. Wote aliwatoa na kuwarudisha wazima.

Sasa alikuwa ameamua kununua gari lake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakutaka gari la kubebea magunia wala la kupakia watoto wa jirani. Alitaka sedani ya chini chini, yenye injini ya nguvu, inayokata kona bila kuomba radhi. Watoto walishatoka nyumbani na mume alisharidhia. Kilichobaki ni kuchagua, na hapo ndipo nyumba ilipowaka moto.

Mume wake, fundi friji, alikuwa mtu wa Orino. Baba yake aliendesha Orino, yeye anaendesha Orino, na ukimwacha azungumze utadhani hiyo kampuni ni ya ukoo wao. Upande wa pili alikuwepo mdogo wake Mama Breki, kinyozi mwenye ulimi mkali kuliko nyembe zake, na huyo alikuwa wa Talvo mpaka kwenye mifupa.

"Shemeji, Orino ni gari la kupelekea wagonjwa hospitali," kinyozi alikuwa akisema.

"Na Talvo ndiyo inayowafanya wawe wagonjwa," fundi friji alikuwa akijibu.

Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na Mama Breki aliwaacha wavutane. Lililomkaa rohoni lilikuwa lingine, na hakuwa amemwambia mtu. Gari la shule huendeshwa na mwanafunzi. La nyumbani liliendeshwa na mume. Alipojiuliza ni lini mara ya mwisho ameshika usukani yeye, kwa raha yake tu, hakukumbuka. Aliogopa kwamba udereva wenyewe umeshamtoka na amebaki na maneno yake. Kuwa na gari la namna ile halafu kuliendesha kwa woga kungemuumiza kuliko kutokuwa nalo kabisa. Kwa hiyo Jumamosi ile, mume na mdogo wake walipokuwa wanakwenda kujaribu magari, yeye alikuwa anakwenda kujijaribu mwenyewe. Alishajiapia kwamba akishindwa atasema hakuna lililompendeza, na habari iishie hapo.

Walianza na Orino, maana mwenye nyumba ni mwenye nyumba. Duka lilikuwa na sakafu ya kung'aa kiasi cha mtu kuona pua yake, na harufu ya matairi mapya. Gari lenyewe lilikuwa la rangi ya fedha, limeegeshwa uani likiwa limeoshwa mpaka kwenye vidole, kama gari lina vidole. Muuzaji, bwana mmoja mnene mwenye tai ya njano, aliwapokea kwa bashasha na kuwaonyesha ufunguo.

"Karibuni. Liko tayari."

Moyo wa Mama Breki ulikuwa unamwenda mbio. Alilizunguka gari, akafungua mlango, akaketi, akavuta mkanda, akatazama mbele kwa utulivu. Muuzaji alibaki amesimama na ufunguo wake mkononi. Kisha akajisemea kwamba huenda mama huyu ni wa wale wanaopenda kuendeshwa kwanza, na wateja wa aina hiyo wapo. Akaingia nyuma ya usukani. Mashemeji wawili wakajibana kiti cha nyuma.

"Kioo," akasema Mama Breki.

Muuzaji akatazama kioo.

"Kiashirio. Geuza shingo, usiamini vioo peke yake. Haya, ondoa."

Wakatoka barabarani. Muuzaji alikuwa na hotuba yake tayari, kuhusu nguvu za injini na ulaini wa viti, lakini hakupata nafasi ya kuitoa. Aliambiwa asikaribie kingo. Aliambiwa gia ya tatu anaichelewesha na injini inamlalamikia. Walipofika kwenye mzunguko aliulizwa nani ana haki ya kupita.

"Wa kulia, mwalimu," akajibu, na wala hakuna aliyekuwa amemwambia kuwa huyu ni mwalimu.

Nyuma kule, watu wawili ambao hawajawahi kukubaliana juu ya jambo lolote walikuwa wameuma midomo kwa pamoja. Muuzaji alirudisha gari uani akiwa ameloa jasho mpaka kwenye tai, akalizima, akashusha pumzi.

"Nimefaulu?"

"Kuegesha bado kunahitaji mazoezi," akasema Mama Breki, na hapo kinyozi akaangua kicheko hadi akatoka nje ya gari kutafuta hewa.

Mume ndiye aliyeuliza. "Mke wangu, lakini usukani wewe umeushika saa ngapi?"

Mama Breki alitazama mikono yake. Ilikuwa mapajani, ilipokuwa kwa miaka yote ile. Miguu ilimpeleka kushoto yenyewe bila kumwomba ushauri, na yeye hakugundua lolote, toka mlangoni mpaka kwenye mzunguko na kurudi. Wote walikuwa wanacheka, hata muuzaji, na yeye akacheka nao. Ndani alikuwa amepoa kama chai iliyosahauliwa.

"Kinyozi hajinyoi," alisema mdogo wake akifuta machozi. "Nami ni kinyozi, najua ninachosema."

Muuzaji alimwomba warudie, safari hii yeye aendeshe. Alikataa, akasema atarudi baadaye, na aliposema hivyo hakuwa na nia ya kurudi. Alitaka kwenda nyumbani. Lakini Talvo ilikuwa ng'ambo tu ya barabara, na mdogo wake alishavuka.

Muuzaji wa Talvo alikuwa mwanamke mwenye miwani na viatu vya kutembelea, asiyependa maneno mengi. Aliwapeleka mpaka kwenye sedani ya buluu iliyokoza na kuufungua mlango wa kushoto, akaingia mwenyewe. Kilichobaki wazi kilikuwa kiti cha kulia. Mama Breki alisimama mbele ya lile gari kitambo. Kulia, aliiambia miguu yake, kulia, kulia. Miguu ikasita, kisha ikatii.

Usukani ulikuwa mdogo na mnene, wa kujaa kiganjani. Nyuma, magoti ya mashemeji yalikuwa yamefika kidevuni.

"Kwenye Orino mtu ananyoosha miguu," alinung'unika fundi friji.

"Shemeji, tumekuja kuendesha au kulala?"

Alipobonyeza kuwasha, injini ilitoa mngurumo wa chini uliompanda kutoka nyayoni hadi mgongoni. Alipiga moyo konde akaondoa gari. Aliliondoa kama mwanafunzi wa siku ya kwanza, akijitamkia kwa sauti: kioo, kiashirio, taratibu. Baiskeli iliyobeba trei za mayai iliwapita ikipiga kengele.

"Dada, mayai yametupita," kinyozi akasema.

Mbele, kwenye njia panda, lori la mchanga lilikuwa linatoka barabara ya pembeni, na dereva wake alikuwa anatazama kwingine. Mama Breki aliliona mapema, kwa sababu jicho la mwalimu huona mapema. Akafanya kile ambacho mwalimu mzuri hufanya: akasubiri. Mwalimu asiye na subira hurukia breki kila mara, na mwanafunzi wake hajifunzi. Mzuri humwachia dereva nafasi ya kuona mwenyewe na kuamua mwenyewe, na huingilia pale tu inapokuwa lazima. Kwa hiyo alitulia, akingoja kwa hamu kuona dereva wa gari lao atafanya nini. Lori lilizidi kutoka. Dereva hakuwa anafanya chochote.

"Mke wangu," ilisikika sauti nyembamba kutoka nyuma.

Ndipo alipotambua dereva ni nani.

Mguu ulishuka kwenye breki, mikono ikazungusha usukani, gari likainama mbele, likaikamata lami, likapita nyuma ya mkia wa lori na kusimama pembeni mwa barabara, limenyooka. Ilikuwa kufumba na kufumbua. Mchanga kidogo ulimwagika juu ya boneti, lori likaenda zake na dereva wake hata habari hana.

Mama Breki aliingoja hofu ije, maana alijua inakuja, na badala yake kilikuja kicheko, kutoka chini kabisa tumboni, kikamtikisa mabega. Kumbe upo. Udereva ulikuwepo muda wote, umekaa kimya kiti cha pili ukimsikiliza akiongea. Hakuwa ametamka kioo wala kiashirio. Mwili ulikuwa umeshamaliza kazi kabla ya maneno kufika.

Muuzaji aliokota miwani yake sakafuni, akaifuta, akaivaa.

"Breki umeshaziona," akasema. "Mbele kuna barabara ya kupanda kilima, ina kona nyingi. Au turudi?"

"Turudi," walisema wanaume wawili kwa mpigo.

"Kilimani," akasema Mama Breki.

Akakanyaga mafuta. Mayai waliyapita mapema, kisha lori, kisha magari mengine mawili, na barabara ilipoanza kupanda, gari lilipanda kama vile kilima ni uvumi tu. Kona ya kwanza aliikata kwa adabu. Ya pili aliikata kwa raha. Ya tatu aliisoma kabla hajaifika, akapunguza, akageuza, akaliachia gari litoke kwa nguvu zake zote. Alifurahi waziwazi, kama mtoto, na hakuona haya. Kiti cha nyuma wapinzani wa jadi walikuwa wameshikana mikono, na kila mmoja angekana baadaye.

Waliporudi dukani, fundi friji alishuka akapapasa ukuta. Kinyozi alikuwa na rangi ya majivu ila anatabasamu. Mama Breki hakushuka.

"Nataka kwenda tena," alimwambia muuzaji. "Peke yangu."

"Peke yako haturuhusu, mama, mpaka uache dhamana."

Mama Breki aliangalia uani, akawaona wale wawili.

"Nakuachia mume na mdogo wangu. Nisiporudi, wauze."

Muuzaji aliwapima kwa macho juu ya miwani yake. "Hawatafika bei ya gari," alisema, lakini akashuka.

Hapo ndipo Mama Breki alipotoka getini na kiti cha kushoto kitupu. Kwa miaka yote ile hakuwahi kuwa peke yake ndani ya gari. Daima alikuwepo mtu wa kulindwa, wa kusahihishwa, wa kutulizwa akilia. Alifungua dirisha upepo ukamvuruga nywele. Alikwenda kilimani, akapita kileleni, akashuka upande wa pili na kupanda tena, kwa sababu hakuna aliyemngoja amalize somo.

Aliporudi, mdogo wake alimpokea kwa kucheza, mabega juu mabega chini.

"Talvo imeshinda. Shemeji, pole na msiba."

"Tulia," akasema dada yake. "Orino sijaiendesha bado."

Akavuka barabara. Yule bwana wa tai ya njano alipomwona anakuja alinyoosha mgongo kwanza, kisha akakimbilia kumfungulia mlango wa kulia mwenyewe. Wanaume wawili wakawekwa rehani kwa mara ya pili siku hiyo, safari hii kwenye benchi la ngozi na glasi za maji baridi. Fundi friji hakuyagusa maji yake. Alikuwa anatazama geti.

Sedani ya fedha iliporudi, alikuwa ameshafika mlangoni kabla haijazimwa.

"Sema," akamwambia mkewe.

"Ni gari zuri. Limetulia, linasikia, halina kosa. Nimepanda nalo kilima chote najisemesha, kioo, kiashirio, gia, na sikukosea hata moja."

Mume akatabasamu mpaka magego yakaonekana. Halafu akauliza, kwa sababu alikuwa mtu wa haki hata kwenye mambo ya Orino.

"Na ile nyingine?"

"Kwenye ile, kilima chote sikusema neno."

Fundi friji alimtazama mkewe usoni. Nywele zilikuwa zimesimama, macho yanang'aa, na mdomo ulikuwa unajizuia kucheka na hauwezi. Ulikuwa uso wa msichana aliyemwoa, na yeye hakuwa amejua kwamba ameukosa kiasi hicho. Aligeuka kuhakikisha kinyozi yuko mbali. Kisha akainama dirishani na kumnong'oneza.

"Chukua Talvo."