Hajafika, na Nyumba Imejaa

"Kitendawili!" alisema Bi Ashura. Alikuwa amekaa uani, miguu kainyoosha mkekani, anachambua dagaa kwa vidole maana macho yalishaingia ukungu.

"Tega," akaitikia mjukuu wake, Mwanvua, ufagio mkononi.

"Hajafika, na nyumba imejaa yeye."

Jibu Mwanvua alilijua kabla bibi hajafunga mdomo. Ni mgeni anayesubiriwa. Chumba kile cha nyuma hakikupangishwa kwa ajili ya mgeni huyo huyo, na kanga laini za zamani hazikukatwa madekio kwa ajili yake. Lakini kulitamka, ulimi ulikuwa mzito.

"Nimeshindwa, bibi."

"Basi nipe mji."

"Chukua Kasulu."

"Kasulu ulinipa jana, Uvinza juzi. Mke mwenzangu wewe, utanifanya mkuu wa mkoa bure, na jibu unalo mdomoni!"

Alimwita mke mwenza kwa utani, kwa kuwa Nassib, mume wa Mwanvua, bibi alimhesabu ni wake pia. Nassib alikuwa fundi wa mitambo melini. Mwaka huo Warundi walikuwa wanaikimbia nchi yao, wakajazana Kagunga mpakani kama dagaa kwenye jamvi, na meli ikawa haipumziki: kwenda kuwapakia, kuwashusha Kigoma, kurudi tena. Waliposhuka walilala uwanja wa mpira wakingoja mabasi ya kambini.

Na mwaka huo huo Mwanvua, baada ya mizizi ya kila rangi na visomo vya kila shehe, alianza matibabu ya uzazi hospitali. Daktari alisema mayai yake hayakomai, yanahitaji kusaidiwa kwa sindano za homoni, kila jioni saa moja, chini ya kitovu. Ya kwanza ni Alhamisi. Ikirukwa, mzunguko umeharibika, na yeye daktari alikuwa mgeni kutoka mbali, hana ahadi ya kurudi.

Muuguzi alipokuwa anaonyesha namna ya kudunga, Mwanvua alitazama ukutani. Tangu utotoni hakuweza kuitazama sindano. "Atanichoma mume wangu," akasema. Nassib akajifunza yeye. Nyumbani akakaa uani na papai bichi, bomba la sindano limejaa maji ya kunywa, anadunga na kukariri kwa sauti: maji yaingie kwenye unga wa dawa, usitikise, zungusha tu, vuta, toa hewa. Ikawa wimbo. Masikio ya Mwanvua yakahitimu, macho hayakwenda darasani.

Dawa waliambiwa isikae kwenye joto, wala isigandishwe. Bi Ashura akaitia kwenye kikopo chenye mfuniko, akakining'iniza ndani ya mtungi wake wa maji.

Kosa lilikuwa papai. Nassib alilitupa jalalani na bomba likiwa bado limechomekwa, na jirani yao pale Buzebazeba ni Mama Dainess, mke wa afisa kilimo, mwenyeji wa Iringa, mwenye macho yanayopita ukutani. Aliliona, akatikisa kichwa, na kufikia adhuhuri mtaa mzima ukajua: masikini Mwanvua, kisukari.

Wakamletea majani ya mlonge. Wakamletea chai chungu. Mwanvua angefanyaje? Kusema kweli ni kuwafungulia watu mlango wa chumba kile cha nyuma waingie kuchungulia. Akanywa chai chungu na kushukuru.

Alhamisi ikafika, Nassib hakufika. Meli ilikuwa Kagunga, ziwa limechafuka, simu yake haipatikani. Mwanvua alikwenda uwanjani na akina mama wa mtaa kuwapikia wageni uji, kila mara anainua shingo kuelekea bandarini. Alipojimiminia kikombe, Mama Dainess akakipokonya.

"We! Na sukari wapi na wapi? Unataka tukuzike?"

"Kidogo tu, Mama Dainess."

"Kidogo ndiyo inayoua. Kwanza nisubiri nyumbani kwako jioni, nina mwenzako nataka kukuletea."

Jioni jua likiwa linazama upande wa Kongo, Mama Dainess aliingia uani na mwanamke mrefu, amevaa koti la kiume, kakumbatia chupa ya chai kama anayembeleza mtoto.

"Huyu ni Leonia, katoka Rumonge. Sukari kama wewe. Anatafuta mahali safi pa kujichoma. Nikasema, si yupo jirani yangu? Haya, naenda kuangalia mboga isiungue." Akaondoka mbio.

"Amahoro," alisalimia Leonia, akaketi kwenye kigoda. "Nikuite mama nani?"

Swali la kila siku hilo, na kila siku lilimkuta hajajiandaa.

"Niite Mwanvua tu."

Leonia alifungua chupa. Ndani hamkuwa na chai, bali kitambaa kibichi kimeviringishiwa kichupa cha insulini. "Ya kwako unaweka wapi?" akauliza.

Mwanvua akatazama mtungi. Akamtazama bibi. Bibi akajitia anatafuta dagaa aliyeanguka.

"Dada, mimi sukari sina," akasema, na maneno yakamtoka kama maji. "Natafuta mtoto. Sindano ya kwanza ni saa moja hii, mume wangu ndiye anayejua, na yuko Kagunga na meli. Siwezi. Nikiiona tu nafumba macho."

Leonia akacheka mpaka akashika ubavu. "Yoo! Na majani ya mlonge unakula?"

"Asubuhi na jioni!"

"Pole, mama." Akainua koti, akabana nyama ya tumbo kwa vidole viwili. "Usiangalie sindano. Angalia mkono wako huu unaobana, huo ni wako, haukufanyii ubaya. Miye nilijichoma ndani ya boti, watu wamenikalia miguu." Akajichoma, akachomoa, akashusha koti. Hata kunywa kikombe cha maji kungechukua muda zaidi.

Mwanvua alinawa. Akatoa kikopo mtungini. Wimbo wa Nassib ukaongoza vidole: maji kwenye unga, usitikise, zungusha, vuta, toa hewa. Akabana ngozi. Mkono wa sindano ukagoma. Mbali msikitini adhana ya magharibi ikaanza.

"Kitendawili!" Bi Ashura akapaza sauti ghafla.

"Tega," Leonia akaitikia, maana Mwanvua macho yalikuwa kwenye sindano.

"Nimefunga mlango, nimechukua ufunguo, nyumba siioni tena."

Leonia akafikiri. Uso ukamzimika kidogo. "Nimeshindwa, bibi."

"Nipe mji."

"Mji..." Alitazama ziwa, kaskazini. "Chukua Rumonge. Lakini uutunze, bibi. Nitaurudia."

Bi Ashura, aliyetaka mzaha tu wa kumsahaulisha mjukuu hofu, akaliacha jibu lake, usingizi, akarudia dagaa wake. Mwanvua alikuwa anamtazama Leonia, yule aliyetoa mji wake mzima kwa sauti ya kawaida, na mkono ukashuka wenyewe. Aliposikia mchomo, kama wa sisimizi, sindano ilishaingia. Akasukuma taratibu mpaka mwisho.

"Haya," akasema Leonia. "Umeanza, Mama wa Anayekuja."

Asubuhi basi liliwachukua wageni wa uwanjani. Mwanvua alikimbia na mfuko wa dagaa, akampitishia Leonia dirishani. Vidole vyao vikagusana tu, basi likaondoka.

Nassib aliingia jioni ile, ananuka dizeli, macho mekundu. Hata kuketi hakuketi. "Nisamehe, mke wangu. Ngoja ninawe nikuchome."

"Kaa upumzike. Najua."

"Unajua nini?"

"Mume wangu, tulia uone," akadakia bibi. "Kitendawili!"

"Tega," Mwanvua akajibu, kikopo mkononi.

"Hajafika, na nyumba imejaa yeye."

Mwanvua akabana ngozi, akautazama mkono unaobana. Akachoma, akasukuma, akachomoa. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi, upepo wa ziwa ukipita humo.

"Leo sikupi mji, bibi," akasema. "Jibu ninalo."