Mwalimu wa Kinaya

Mume wangu Bonaventura anafundisha Kiingereza sekondari hapa Tlawi, na mada anayoipenda kuliko zote ni kinaya, yaani mtu kusema hivi akimaanisha vile. Huiandaa jikoni kwa sauti, akitembea kati ya jiko na mlango, nami namenya viazi. Anaieleza vizuri mno. Tatizo ni kwamba ukimtolea kinaya yeye mwenyewe, hakisikii.

Mwaka jana alileta walimu watatu kula chakula cha mchana bila kuniambia. Nikapika, nikaosha vyombo, na walipoondoka nikamwambia, "Umefanya vizuri sana, Mwalimu. Jumamosi ijayo leta na wengine." Jumamosi iliyofuata akaleta saba. Alikuwa na furaha kweli, akawatangazia wote kwamba mke wake anapenda wageni.

Ndivyo alivyo tangu mwanzo. Wakati wa uchumba, nikiwa kwetu Gitting, kule Hanang, niliisubiri barua yake kwa hamu, maana nilishaambiwa huyo mchumba anafundisha hadi mashairi. Nikajua nitafananishwa na mwezi, au angalau na ua. Barua ikaja: "Efrazia, nimekuona na nimekupenda. Nyumba ipo, ina bati jipya. Ng'ombe ni wawili, mmoja ana mimba. Naomba jibu." Nilicheka mpaka mama akaja kuuliza kuna nini. Nikajibu ndiyo, kwa mdomo wa yule aliyeileta barua. Na ng'ombe kweli alikuwa na mimba.

Lakini mimi nami nina kosa langu, acha niliseme. Nilimaliza kidato cha nne nikafeli Kiingereza. Masomo mengine niliyapata kwa kujikongoja, ila chuo cha uuguzi nilichokitaka kilidai na Kiingereza, kwa hiyo nikabaki nyumbani, halafu nikaolewa na mwalimu wa Kiingereza. Wanawake pale mashine ya kusaga waliona hiyo ni kichekesho kikubwa. Mpaka leo wananiita Madam. "Shikamoo Madam," ananiambia Mama Restituta, ambaye ni wa kuamkiwa na mimi, na wenzake wote wanashika mbavu. Nacheka nao. Nikifika nyumbani sichekagi tena.

Mwaka huu niliamua kurisiti, yaani kuurudia mtihani wa Kiingereza. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea ulikuwa unafungwa Ijumaa ya mwisho wa Februari. Nilichokosa ni mtu wa kunifundisha, na mtu huyo nalala naye kitanda kimoja. Lakini kumwambia wazi nilishindwa. Niliogopa naye asije akacheka kama wale wa mashine, kwa sababu cheko lake lingenimaliza.

Basi asubuhi moja, tunakunywa chai, nikapita kwa mbali. "Baba Juliana, hivi na mimi nikirudi shule, nani atakamua hawa ng'ombe?"

Mtu mwenye masikio angeuliza, "Kwani unataka kurudi shule?" Mume wangu aliweka kikombe chini, akafikiri. Alifikiri kwa dhati.

"Hakuna," akasema. "Juliana bado yuko darasa la pili." Akaendelea na chai yake.

Darasani hilo analiita swali la balagha, swali lisilotaka jibu. Liko kwenye daftari lake la maandalio, kalipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Nilimnunia siku tatu. Siku ya tatu akaniletea dawa ya kichwa.

Wiki iliyotangulia ile ya mwisho ya usajili alitunga jaribio la kidato cha tatu. Lilikuwa na istilahi kumi za fasihi. Mwanafunzi aeleze kila moja na kutoa mfano wake mwenyewe. Karatasi moja ilibaki mezani. Alipokwenda shule nikaichukua, nikakaa nayo shambani chini ya mahindi niliyotakiwa kupalilia, nikajibu zote kwa Kiingereza changu hichohicho cha kufeli. Jina sikuandika. Jumapili, kabla ya misa, nikaichomeka katikati ya rundo lake.

Tulipotoka kanisani akakaa mezani kusahihisha, mimi nikakaa na beseni langu la viazi. Macho yalikuwa kwenye rundo lile, nikawa namenya maganda pamoja na viazi vyenyewe.

"Sikia hii," akasema. Mwanafunzi mmoja kaandika kwamba simile ni neno la kumwambia mtu apishe njia. Mwingine kaandika kwamba ploti ni kiwanja, na kisinunuliwe kabla hakijapimwa. Mimi nilicheka. Yeye hakucheka. "Wako sahihi kabisa," akasema kwa huzuni, "lakini siyo mtihani huu." Akawapa sifuri.

Halafu akashika ya kwangu. Miaka tisa ya ndoa, mwandiko wangu hakuujua. Mambo yetu yote ni kwa simu.

"Huyu hajaandika jina. Lakini sikia." Akanisomea mfano wa chuku: jirani anayedai ng'ombe wake anatoa maziwa mpaka familia inanawia miguu. Akatingisha kichwa, akaweka alama ya vema. Akasoma tafsida, maneno ya kupunguza ukali: "Nyumbani kwetu sikupata mfano. Chakula kikiungua, baba wa nyumba anasema kimeungua." Akaweka vema nyingine. Akafika kwenye swali la balagha: mke anamwuliza mumewe nani atakamua ng'ombe yeye akienda shule, na mume anajibu hakuna.

Hapo alicheka sana. "Huyu mwanaume ni mjinga! Kaulizwa swali la balagha, analijibu!"

"Ni mjinga eh?" nikasema.

"Kabisa."

Nikaendelea kumenya. La kumi lilikuwa kinaya. Alianza kulisoma kwa sauti: "Mwanamke mmoja alifeli Kiingereza. Ameishi na mwalimu wa Kiingereza miaka tisa, na mwalimu huyo anafundisha watoto wa kijiji kizima. Yeye hajawahi kuulizwa kama..." Sauti ikakatika. Akamalizia kimyakimya. Akarudi juu, akasoma karatasi yote upya, taratibu, kidole kikifuata mstari.

Hakunitazama. Alichukua kalamu nyekundu akasahihisha neno moja nililokosea, kisha lingine. Nikasema moyoni, mimi nimeweka roho yangu mezani, huyu anatafuta makosa ya tahajia! Nilikuwa karibu kumrushia beseni.

Akaandika kumi na saba juu ya ishirini. Akageuza kiti.

"Usajili unafungwa Ijumaa," akasema. "Kesho asubuhi tunakwenda, nitaomba ruhusa. Jioni tutasoma hapahapa. Kukamua nitajifunza." Akaiinua karatasi. "Efrazia, hii ni karatasi bora kuliko zote nilizosahihisha mwaka huu."

Nikawasikia wale wanawake wa mashine, nikasikia "Shikamoo Madam", nikawa mkali.

"Unanikejeli?"

Alinitazama kama nimemwuliza kama anajua kuruka.

"Kukejeli?" akasema. "Nafundisha tu. Kufanya sijui."

Na ni kweli, hajui. Miaka tisa nimemcheka kwa hilo, na siku ile nililia juu ya beseni la viazi nikimshukuru Mungu kwa hilohilo, maana kama mtu mwingine yeyote hapa Tlawi angenisifu, nisingemwamini.