Jina Chini ya Jina la Mchezo

Uvumi nilikutana nao kwa msusi, kichwa nusu kimesukwa, siwezi hata kuinuka: eti mwanangu mwigizaji, anayebeba mchezo mzima wa jukwaani, ataingizwa kwenye tuzo ya wahusika wasaidizi. Niliufukuza ukarudi, kama nzi.

Alipokuja nyumbani nikamuuliza.

"Ni kweli, mama. Kamati ya tuzo inafuata bango la mchezo. Jina likiwa juu ya jina la mchezo, wewe mkuu. Likiwa chini, msaidizi. Langu liko chini."

"Hata kama hushuki jukwaani?"

"Hata kama. Labda meneja wa kundi aombe nihamishwe."

Meneja hakutaka. Kwenye tuzo ya wakuu kulikuwa na yule mwigizaji wanayemwita Twiga, hashindiki. "Unataka kwenda kumpigia makofi Twiga?" alimwambia. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Na Shangazi je?" nikauliza.

Shangazi si ndugu yetu. Ni mama mtu mzima wa kundi, anaigiza jirani. Hutokea mara mbili tu, watu wakacheka hadi machozi. Ndiye aliyemfundisha mwanangu kusimama na kupumua, na kila jioni humfunga kilemba. Tuzo ya wasaidizi ndiyo pekee aliyoweza kuitumainia.

"Anacheka tu, mama. Anasema, 'Tembo kaingia zizi la mbuzi, nani wa kumtoa?'"

Kicheko hicho sikukipenda. "Mwombe meneja akuhamishe, mwanangu."

"Nataka kushinda, mama. Hata mara moja."

Akashinda. Shangazi akamkumbatia mbele za watu. Kesho yake Shangazi akahamisha nguo zake kutoka chumba cha kuvalia, akawa anabadilishia stoo, katikati ya mapazia makuukuu. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, bingwa." Mlango unafungwa.

Sasa mwanangu hujifunga kilemba peke yake chumbani humo, viti vyote vitupu. Hunipigia simu kabla ya mchezo, halafu haongei. Nami huku, peke yangu na simu sikioni, nawasikia wenzake wakicheka stoo, nyuma ya ukuta wake.

Ninyi wenye watoto waigizaji, waambieni waepuke haya:

- Kuacha bango lichapwe bila kuuliza jina litakaa wapi.
- Kupokea tuzo ya kazi ndogo kwa kazi kubwa.
- Kumsikiliza meneja anayetaka vikombe tu.
- Kudhani anayecheka ameridhika.
- Kushindana na aliyekulea kazini, hata kama kamati imeruhusu.