Marehemu Kwenye Daftari la Wageni

Saa kumi na nusu jioni, Jumanne ya mwezi wa nne mwaka sabini na tatu, Yuliana alikuwa amekaa kwenye mbuzi uani kwake Temeke, anakuna nazi ya pili, mumewe Benedikto alipopiga hodi. Benedikto alikuwa amezikwa siku tisa kabla. Yuliana alimkaribisha, akamwambia apite kulia kwa sababu kushoto ameanika dagaa, akaendelea kukuna.

"Pole na kazi," alimwambia, kwa mazoea.

"Nishapoa." Benedikto alivua viatu, akanawa miguu, akaketi kwenye mkeka. Alikuwa amevaa suti ile ile aliyozikwa nayo. Kifua chake upande wa kushoto kilikuwa kimebonyea kama debe lililokanyagwa, ila hakuonyesha kuwa kinamuuma.

Yuliana alikuwa na swali moja, na siku zote hizo tisa hakumpata wa kumuuliza.

"Kilichokuua nini?"

"Mnyororo," alisema Benedikto. "Mnyororo wa winchi namba mbili. Pete ya saba kutoka kwenye ndoano ilikuwa na ufa. Niliripoti mara tatu. Ikakatika, bunda la mabati likaniangukia."

Haya. Mtu mwenye akili zake angedhani mambo yamekwisha. Swali limeulizwa, mwenye jibu kajibu, tena mwenye jibu ndiye aliyekufa. Kilichobaki ni kwenda kiwandani, kuhesabu pete saba, kuangalia. Lakini hapo unazungumzia watu wengine, si watu wa mtaa ule.

Kiwanda chenyewe kilikuwa cha kutengeneza ndoo na makarai, mali ya umma, mwendo wa robo saa kwa miguu kutoka nyumbani kwa Yuliana. Siku Benedikto alipokufa, uongozi ulibandika karatasi ubaoni, ukampelekea nakala balozi wa nyumba kumi, Mzee Fransis, naye akaisoma msibani kwa sauti: ndugu yetu alifariki ghafla kwa presha, akiwa mapumzikoni, amekaa kwenye benchi. Waliomwosha marehemu walikuwa wamekaa mstari wa mbele. Walitazamana, wakaitikia amina.

Basi hakuna aliyeiamini karatasi, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Maana mtu akishakataa karatasi, ungetegemea aulize ukweli ni upi. Wao hawakuuliza. Kila mmoja alikwenda nyumbani akajitungia wake.

Kwa Yuliana jambo hili halikuwa la kupigia soga. Wiki ile ile ya maziko, kiwanda kilimpa kazi mdogo wake, Romani, aliyekuwa amekuja kutoka Masasi na kukaa miezi saba bila ajira. Walisema ni mkono wa pole kwa familia. Walimpa winchi namba mbili, shifti ya mchana, saa nane mpaka saa nne usiku. Mnyororo ulikuwa ni ule ule. Pete iliyokatika waliiunga kwa waya wa kufungia mabunda.

Romani alimsikiliza shemeji yake uani usiku wa siku ile ile ya kwanza, alipotoka shifti, akaamini kila neno.

"Lakini dada, mie nitasemaje?" alimwambia Yuliana. "Nikigoma kwa maneno ya mjane wataniita mvivu. Wakinifukuza sina kitambulisho cha kazi, nitakamatwa, nitapakiwa lori la kwenda kijijini. Shemeji asimame mwenyewe mbele ya kamati ya wafanyakazi, aseme ni mnyororo. Akisema hivyo siugusi tena, na hakuna atakayenilaumu."

"Atasema," alijibu Yuliana. "Kwa nini asiseme?"

Kamati ilikuwa inakaa Jumamosi ya mwisho ya mwezi uliofuata. Wiki tano. Wiki tano za Romani kusimama kila siku chini ya kile kipande cha waya.

Kesho yake balozi Fransis alikuja na daftari. Alikuwa amesikia kwamba kuna mtu ameingia nyumba ya Yuliana jana jioni, na utaratibu ulikuwa wazi: mgeni yeyote kwenye nyumba kumi lazima aandikishwe ndani ya siku moja. Alimkuta Benedikto kwenye mkeka, wakapeana mkono, wakaulizana habari za watoto.

"Huyu si mgeni," Yuliana alisema. "Huyu ndiye mwenye chumba."

"Alikuwa," alisema Fransis. "Kadi yake ya chama nimeirudisha ofisini mwenyewe. Mkazi asiye na kadi na asiye hai nitamwandika wapi? Kurasa za wakazi hazina nafasi hiyo."

Akaandika kwenye kurasa za wageni. Atokako: makaburini. Shughuli: matembezi. Siku za kukaa: hazijulikani. Benedikto alitia sahihi. Yuliana aliona ni upuuzi tu wa makaratasi, akarudi jikoni. Hapo alikosea, na alikuja kujilaumu sana.

Maana Benedikto alikuwa mtu aliyelelewa. Alipokuwa mwenyeji aliweza kubishana na mtaa mzima mpaka mate yakauke. Lakini sasa ameandikwa mgeni, na mgeni mwenye adabu habishani na wenyeji wake. Akipewa kahawa atashukuru hata kama ni chungu. Akiambiwa jambo ataitikia.

Kila jioni, baada ya kunawa miguu, alikwenda kuketi kwenye baraza la duka la Matar, nyumba ya pili. Matar alikuwa mtu wa pale miaka mingi, baba yake ndiye aliyefungua duka lile, na tangu sukari ilipoanza kuadimika alikuwa na nafasi kubwa ya kufikiri. Yeye alisema ndoo za kiwandani zina matako mawili. Katikati ya tako la juu na la chini kuna vitu vinapitishwa kwenda kwa Wareno ng'ambo ya Ruvuma, Benedikto aliona, wakammaliza.

"Sikuona kitu kama hicho," alisema Benedikto siku ya kwanza. "Ni mnyororo."

"Ndiyo wanavyotaka useme," alisema Matar kwa upole, akamwongezea kahawa.

Bi Mauwa, muuza mihogo, hakukubaliana na Matar hata kidogo. Yeye alisema ni mumiani. Siku ile kulikuwa na gari jekundu limesimama getini tangu asubuhi, na gari jekundu linafuata nini kama si damu? Benedikto alimweleza kwamba gari lile lilileta rangi. Bi Mauwa alimtazama kwa huruma. "Mwanangu, wewe ulikuwa unakufa muda ule. Mtu anayekufa ataona nini?"

Hoja hiyo iliwapendeza wote. Hata balozi Fransis, aliyekuja kutetea presha, aliikubali: marehemu si shahidi mzuri wa kifo chake kwa sababu alikuwa ameshughulika. Alikuwepo hata fundi viatu mmoja aliyeshikilia kwamba Benedikto hakufa kabisa, amepelekwa Bulgaria kusoma, na alilisema hilo huku anamwomba Benedikto amsogezee sukari. Benedikto alimsogezea.

Yuliana alikuwa akisikia haya yote kutoka uani. Kuna siku alitoka na mwiko mkononi.

"Jamani, huyu hapa! Mwenyewe huyu hapa amekaa! Kwa nini hamumwulizi?"

"Tunamwuliza kila siku, shoga," alisema Bi Mauwa. "Anajibu hivyo hivyo. Hujiulizi kwa nini?"

Sasa mtu kama huyo utamfanya nini? Yuliana alirudi ndani akapika ugali mgumu mpaka Romani, alipotoka kazini usiku, akauliza kama ni wa kujengea.

Wiki ya pili, Benedikto alianza kusema "inawezekana." Alisema kwa heshima tu, ili kahawa inyweke bila kelele. Wiki ya tatu akawa anatikisa kichwa Matar akizungumza, na Bi Mauwa akizungumza anatikisa vile vile. Wiki ya nne, Yuliana anampepetea mchele, Benedikto alimwuliza bila kuulizwa:

"Hivi lile gari jekundu lilikuwa la nani?"

Ungo ulimtoka Yuliana mikononi. "Lilileta rangi! Wewe mwenyewe ndiye uliyesema!"

"Nilisema," alikiri Benedikto. "Lakini nilijuaje?"

Tangu hapo Yuliana alimfundisha. Kila jioni kabla hajaenda barazani alimkalisha kama mtoto wa katekisimu. Pete ya ngapi? Ya saba. Uliripoti mara ngapi? Tatu. Kwa nani? Kwa msimamizi. Kilikuangukia nini? Bunda la mabati. Alijibu vizuri yote, akaenda barazani, akarudi ameyachanganya. Yuliana alikwenda kumwomba Matar, kwa machozi, ampumzishe mumewe hizo siku chache zilizobaki. Matar aliguswa kweli. Alimpa robo ya sukari aliyokuwa ameificha chini ya meza, akasema yeye hamlazimishi mtu, watu wanatafuta ukweli tu.

Jumamosi ya kamati ilifika. Kikao kilifanyika kwenye banda la kufungashia, saa tisa alasiri, wafanyakazi wamekaa juu ya makarai yaliyofudikizwa. Winchi namba mbili ilionekana kutoka pale, hatua thelathini, haizidi. Mwenyekiti, Ndugu Leodegar, aliagiza kiti cha mgeni, na Benedikto akaletewa soda ya machungwa. Afisa utumishi alisoma tena karatasi ya presha, neno kwa neno. Watu waliguna. Kisha marehemu akapewa nafasi.

Yuliana alikuwa amesimama ukutani, kamshika Romani mkono.

Benedikto alisimama, akafunga kifungo cha koti. "Ndugu Mwenyekiti, nashukuru kwa kunikaribisha. Na soda nashukuru. Kuhusu kifo changu, ni kweli mnyororo ulikuwepo."

"Sema," Yuliana alinong'ona.

"Lakini watu wengi wamesema mengi, na wote hawawezi kuwa waongo. Uongozi unasema presha, na kweli marehemu mama alikuwaga na presha. Kuna gari jekundu, halijaelezwa. Kuna ndoo. Mie naona kuna kitu kikubwa tunafichwa. Siwezi kusimama hapa kuwadanganya kwamba ni mnyororo tu."

Banda zima lilipiga makofi. Walipiga makofi kwa sababu mtu amesema wazi kwamba wanafichwa, nao walikuwa wamelijua hilo siku zote. Afisa utumishi naye alipiga makofi. Kisha akaandika: marehemu hana hakika.

"Pete ya saba!" Yuliana alipaza sauti. "Si ile pale? Nendeni mkahesabu! Moja, mbili, tatu, mpaka saba! Mtu mzima anashindwa kuhesabu saba?"

Vichwa viligeuka kumtazama yeye. Kuitazama winchi, hakuna aliyegeuka. Ndugu Leodegar alimpa pole kwa yaliyomfika, akasema jambo hili ni zito mno kumalizwa kwa kuangalia mnyororo, akapendekeza iundwe kamati ndogo ichunguze yote kwa pamoja, presha, gari, ndoo na Bulgaria. Mikono ilinyooshwa. Kamati ndogo ingeleta taarifa mwakani.

Romani aliutoa mkono wake taratibu kwenye mkono wa dada yake.

Jumatatu saa saba mchana alifunga chakula chake. Yuliana alisimama mlangoni, kajaza mlango.

"Usiende. Nakuomba, Romani. Mama alikukabidhi kwangu."

"Dada, mwenyewe kasema hana hakika. Mie nitakuwa na hakika kumshinda yeye?" Hakusema kwa ubishi. Alionekana amechoka, na alionekana anaogopa. "Na kitambulisho je?"

Yuliana alisogea. Romani alipita, akageuka akasema chakula kinanukia vizuri, akaenda.

Saa kumi na nusu Benedikto alipiga hodi kama kawaida, akavua viatu, akanawa miguu. Siku hiyo alikuwa mchangamfu. Balozi Fransis alikuwa amempendekeza awe mjumbe wa ile kamati ndogo, ingawa ni mgeni, kwa sababu amekuwa mtu wa kupima mambo.

Yuliana alikaa chini mbele yake. Hakuwa na hasira tena, ilikuwa imemwishia. "Benedikto. Mdogo wangu yuko chini ya mnyororo ule sasa hivi, ninavyoongea na wewe. Umeungwa kwa waya. Hata kama huna hakika, niambie nifanye nini."

Benedikto alifikiri kweli kweli. Alikuwa anampenda Romani, na hakuwa mtu wa kujibu ovyo. Akamwekea mkewe mkono begani, mkono wa baridi, mzito.

"Usijitie wasiwasi, mama," alisema. "Mie nimefanya kazi chini ya mnyororo ule miaka minne. Haukunifanya kitu."

Yuliana aliinuka, akajifunga kanga, akamwambia kahawa iko jikoni, akatoka. Alikwenda moja kwa moja mpaka kiwandani, akasimama getini upande wa kivuli. Mlinzi alimwuliza amemfuata nani, akamjibu anasubiri tu. Ndani winchi namba mbili ilikuwa inapandisha bunda, na alipotega sikio aliweza kuusikia mnyororo ukipita kwenye gurudumu, pete moja baada ya nyingine.