Jumamosi ya Mtangazaji Mpya

Asije mtu akasema hatukumpenda. Tulimpenda mpaka majumbani mwetu wakaona wivu. Kila Jumamosi alasiri, kipindi cha magari kilipokaribia, karakana yetu ya kushona viti vya magari ilizima cherehani, mteja awe nani. Tuliketi kwenye viti vilivyong'olewa magarini kusubiri kushonwa, vingine sponji ikiwa nje nje, tukamtazama mtangazaji wetu kwenye televisheni akigonga boneti kwa kiganja na kusema, "Haya, tuone una nini tumboni." Wiki nzima na sisi tuligonga kila kitu tukisema hivyohivyo. Mimi niligonga hata sufuria ya mama mkwe wangu, na hakufurahi.

Fahari yetu ilizidi kwa sababu mtangazaji huyo alikuwa shemeji wa Fundi Mkuu, mwenye karakana. Alimwoa dada yake. Kwetu hakufika hata siku moja, na hatukumlaumu, mtu mkubwa ana shughuli zake. Mteja akileta ubishi juu ya kazi, Fundi Mkuu alimwambia tu, "Hapa ni kwa shemeji yake yule wa televisheni," na ubishi ukaisha.

Basi kituo kikamwondoa. Tangazo likapita kwamba kipindi kitakuwa na mtangazaji mpya, binti ambaye hakuna aliyemjua. Tuliwaka. Fundi Mkuu aliapa kuuza televisheni. Kipara, anayekata ngozi, alisema binti na magari wapi na wapi, labda anajua kioo cha pembeni kwa sababu ya kupaka rangi ya midomo. Mimi ni mwanamke, na nilicheka kuliko wote. Nikaongeza kwamba kope zake, bila shaka za kubandika, zingefaa kupakia gundi. Hatukuwa tumemwona hata dakika moja, lakini chuki nayo haisubiri utambulisho.

Jumamosi ya kwanza ya binti huyo, nani akaingia karakana? Yeye mwenyewe, mtangazaji wetu. Alivaa koti la kipindi lenye nembo mgongoni, na alikuwa mfupi kuliko tulivyodhani. Tukampisha kiti kizuri kuliko vyote. Alikaa ukingoni kama mtu aliyefika hospitali kusubiri majibu.

"Shemeji," akamwambia Fundi Mkuu, "mkurugenzi ameniambia kitu. Leo watapokea simu za watazamaji moja kwa moja. Watu wakipiga kudai nirudi, nitarudishwa. Wasipodai, Jumatatu nikachukue vitu vyangu."

"Hilo limekwisha, shemeji."

"Sina kwingine mimi. Nimepita vituo vyote, wanasema uso wangu ni wa kipindi kile. Dada yako ndiye aliyenituma. Kasema kama kuna watu watanisimamia, ni nyinyi."

"Tutapiga mpaka laini yao ichemke!" akasema Kipara.

"Ahadi ni deni, ndugu zangu."

"Na dawa ya deni ni kulipa," tukamjibu kwa pamoja, na tukamaanisha. Tukapanga simu zetu kwenye meza ya kukatia, namba ya kituo ikiwa tayari. Tulikuwa tumeipiga namba hiyo miaka na miaka, kila mmoja na gari lake na swali lake, na haijapata kupokelewa.

Kipindi kikaanza. Binti akatoka na ovaroli iliyopauka, si ile ya kupigiwa pasi. Hakugonga boneti. Aliletewa pikapu chakavu, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakinusa, akakunja uso. "Mwenye gari," akasema, "oili hii uliiweka kabla ya kuoa au baada?"

Kipara alicheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi.

"Kaandikiwa hayo," akasema shemeji.

"Kaandikiwa kabisa," tukasema.

Binti akainua kichwa akajigonga kwenye boneti. Akalishika paji lake na kuiambia kamera, "Hata gari halitaki mgeni." Hapo tukaangua kicheko. Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu. Tulijaribu kunyamaza, Mungu ni shahidi, lakini kicheko kikishatoka utakirudisha wapi?

"Angekuwa na uzoefu angejua pa kusimama," akasema shemeji. "Kamera ile ya kushoto ndiyo ya kuitazama. Mimi nilikuwa..."

"Shemeji, punguza sauti kidogo," akasema Fundi Mkuu.

Akapunguza. Baada ya muda akasema tena, chini chini, kwamba taa wamezikosea, kwamba yeye asingeacha mwenye gari aongee muda mrefu vile. Hakuna aliyegeuka. Binti alikuwa anaeleza moshi mweusi unatoka wapi, na Fundi Mkuu ana pikapu inayotoa moshi huohuo, na amehangaika nayo kwa mafundi mpaka basi.

"Ukweli usemwe," Kipara akasema bila kutoa macho kwenye televisheni. "Wewe kaka ulikuwa unatuonyesha magari ya wakubwa. Ukigonga boneti linang'aa hata sura yako inaonekana. Huyu kafungua gari kama letu."

"Kipara!" nikamkemea.

"Nasema uongo?"

Hakusema uongo. Shemeji alitabasamu lile tabasamu lake la televisheni. Kwa karibu lilionekana la kuchosha, na nilijiuliza tulipendaje kitu kile miaka yote.

Binti akasema laini ziko wazi. Shemeji akasimama wima. "Sasa, ndugu zangu. Ni sasa!"

Tukapiga. Lazima niseme tulipiga wote, hakuna aliyebaki. Yangu ilikuta laini inatumika, ya Kipara ilikatika. Ya Fundi Mkuu ikaita, ikaita, ikapokelewa. Akaweka spika na kuzima sauti ya televisheni.

"Haloo, mtazamaji wetu! Karibu. Una swali gani?"

Fundi Mkuu alimtazama shemeji yake. Akatazama simu. Miaka yote ile hiyo laini haijapatikana, na nani ajuaye kama ingepatikana tena?

"Nina pikapu," akasema. "Inatoa moshi mweusi, hasa ikipanda mlima."

Binti akamuuliza hili na lile, akamwambia aanze na kichujio cha hewa, halafu nozeli za kunyunyizia mafuta, na asikubali mtu yeyote kumfungulia injini kabla ya hapo. Fundi Mkuu aliitikia kila neno kama mtoto mbele ya mwalimu. Shemeji alikuwa bado amesimama. Alimgusa bega. Fundi Mkuu akashtuka, akasema, "Eh, halafu tuko hapa na yule wa zamani. Anawasalimu."

"Yupo hapo? Kweli?" Binti alifurahi, na furaha yake haikuwa ya kuigiza. "Mpe simu!"

Akapewa. Alisafisha koo. Alituzungushia macho mmoja mmoja, akisubiri hata mmoja apige kelele, "Tunamtaka arudi!" Ingetosha, spika ilikuwa wazi. Mimi nilitazama televisheni. Sote tulitazama televisheni, kwa sababu sisi ndio tuliokuwa tunaongea nayo.

"Shikamoo, kaka yetu. Leo wewe ni mtazamaji. Una gari gani, nikusaidie nini?"

Magari yote tuliyomwona nayo yalikuwa ya kituo, na kituo kilishachukua funguo.

"Sina gari," akasema.

Binti alicheka, akidhani ni utani. Sisi tulijua si utani, na tulicheka vilevile. Kipara alijigonga paja. "Bado mcheshi!" akasema binti. "Asante sana, kaka. Tunaye mtazamaji mwingine."

Laini ikakatika. Tukarudisha sauti. Mla ni mla leo, mla jana kala nini?

Hazikupita dakika nyingi simu ya Fundi Mkuu ikalia, spika ikiwa bado wazi. Alikuwa dada yake, naye alikuwa akitazama kwake.

"Kaka, nimekusikia. Umeuliza moshi."

"Dada, laini zao zina haraka sana."

"Mpe mume wangu."

"Anatazama kipindi," akasema Fundi Mkuu, akakata.

Shemeji alisikia yote hayo. Alivua koti, akalikunja nembo ikiwa ndani, akaliweka kwapani. Kisha akaelekea kwenye mlango wa bati, akashika komeo.

"Shemeji, subiri kwanza!" Fundi Mkuu akamwita.

Aligeuka haraka. Uso wake wote ulifunguka, nami nilidhani Fundi Mkuu amepata la kumwambia.

"Ukifungua, mwanga unaingia, hatuoni picha. Ngoja matangazo."

Akaachia komeo. Akasimama ukutani, koti kwapani, akangoja matangazo.