Mwaitu Wawili

Laban Wathome hakupenda kabisa kusikia mtu akisema ajali haina kinga. Tangu kiwanda alichofanyia kazi kule Mavoko kimpeleke mafunzo ya siku tatu ya kuzima moto, akarudi na cheti na filimbi nyekundu, msemo huo alikuwa akiuona kama tusi. "Kinga iko," alikuwa akisema. "Ni watu ndio hawapangi."

Basi Jumamosi moja ya mwaka 2003, baada ya chakula cha mchana, akaamua kuipanga familia yake. Nyumba yao hapo Kangundo ilikuwa ya mawe, madirisha yote yana vyuma, na mlango wa nyuma ulitiwa kufuli tangu wezi wabebe kuku tisa. Ufunguo alikaa nao Laban mwenyewe, mfukoni. Alichora vyumba vyote kwenye karatasi, akatia mishale, kisha akaandika kila mtu na kazi yake. Emily, mkewe, azime jiko. Winfred, mdogo wake Emily aliyekuwa akikaa nao ili asome sekondari ya karibu, amtoe Mwaitu. Wote wakutane kwenye tangi la maji.

Mwaitu, kwa Kikamba, ni mama. Mama yake Laban alikuwa na miaka sabini na minane na magoti yaliyokwisha kuchoka, na chumba chake kilikuwa cha mwisho, ubavuni mwa mlango wa nyuma. Winfred ndiye aliyekuwa na nguvu za kumbeba, maana netiboli ilimjenga mabega. Kuhusu binti yake wa miaka mitano, Laban hakuandika chochote. Mtoto yule hakubanduka kwenye rinda la mamake mchana kutwa, ya nini kumharibia wino?

"Mwaitu, shuka kwa meza, utaanguka," alimwambia mtoto huyo huku akikunja karatasi. Alimpa jina la mama yake, Ndinda, na kama Wakamba wote, hangeweza kumwita binti mwenye jina la mamake ila kwa heshima ya mama.

Lakini mtu akishapata cheti, kichwa nacho huvimba. Laban alitaka moshi wa kweli. Alitia makaa kwenye karai, akarundika nyasi mbichi juu yake, akaliweka katikati ya korido.

"Baba Ndinda, hiyo moshi si ni mingi?" Emily aliuliza.

"Moto haitakuuliza kama ni mingi," alijibu, akatoka nje na saa yake mkononi, akapuliza filimbi.

Walitoka mbio. Emily alitangulia akikohoa, mwiko bado mkononi. Nyuma yake akaja Winfred, ameinama chini ya moshi vile vile alivyofundishwa, mzigo wake mgongoni. Laban macho yalikuwa kwenye saa. Dakika moja na sekunde kumi! Hata kiwandani hawajawahi kufika hapo. Akafungua karatasi aite majina.

"Emily!"

"Niko."

"Winfred!"

"Niko."

"Mwaitu!"

"Niko naye!" Winfred akajibu.

Laban akatia alama, akaanza kupiga makofi. Akawaambia nao wapige, wakapiga, na majirani waliokuja uani kuona moshi wa nini wakapiga pia. Moyo wake ulikuwa umejaa. Laiti mwalimu wake wa Mavoko angekuwepo!

Emily ndiye aliyeacha kwanza. "Na Susu ako wapi?" aliuliza. Susu ni nyanya, na ndivyo wote walivyomwita bikizee yule, isipokuwa mwanawe.

"Susu?" Winfred akageuka, na hapo wote wakamwona mtoto aliyemng'ang'ania mgongoni, ananyonya kidole. "Lakini mimi nimeambiwa nitoe Mwaitu. Si Mwaitu ndiye huyu?"

Laban aliduwaa. Mikono yake ilibaki hewani, kofi halijakamilika. Kisha akatimua mbio.

Mlango wa mbele ulikuwa ukitapika moshi, na karai lile, kazi ya mikono yake, lilimzibia njia. Akazunguka nyuma. Kufuli ilikuwa pale pale, imara, ya bei ghali. Kutoka ndani, chini kabisa ya mlango, alisikia kitu kikigonga. Kilikuwa kinagonga polepole kama mtu anayeomba radhi kwa usumbufu. Ufunguo ulimponyoka mara mbili. Alikuwa akilia, na hakujali nani anamwona.

Mlango ulipofunguka, mama yake alimwangukia miguuni. Alikuwa amelowesha leso yake kwa chai na kujifunga puani, jambo ambalo hakuna aliyemfundisha. Walimbeba hadi kwenye tangi, wakamnawisha, wakampepea. Alikohoa muda mrefu kabla ya kupata sauti.

"Ulisema Mwaitu," akamwambia mwanawe. "Nikaitika. Niliitika, Laban. Halafu nikasikia mnapiga makofi."

Laban aliendelea kumpepea. Samahani gani inatosha hapo?

Kufuli aliing'oa jioni hiyo, akaweka komeo la ndani. Jumamosi iliyofuata wakarudia zoezi, bila moshi. Emily akaitwa, Winfred akaitwa, Ndinda mdogo akaitwa. Bikizee alikuwa amesimama mlangoni na mkongojo wake, komeo limefunguliwa, lakini hatoki.

"Toka, Mwaitu," Laban alisihi.

"Sijaitwa. Mwaitu wako wawili hapa."

Majirani walikuwa kwenye ua, kina Mwangangi na wake zao. Mtu kumtaja mzazi wake kwa jina, tena kwa sauti, mbele ya watu! Tangu azaliwe hajawahi kulitia jina lile kinywani kumwita mamake. Aliitazama karatasi, ambayo ilikuwa imeandikwa upya kwa herufi kubwa.

"Ndinda wa Wathome!" akapaza sauti.

Mke wa Mwangangi aliziba mdomo kwa mshtuko.

"Niko," mama yake akaitika, akavuka kizingiti.