Lwandle Bado Yupo Mtandaoni

Mwanzoni Sibonelo alijiambia ni hitilafu tu, na hitilafu ndizo zinazomlisha. Tangu afungue duka lake la michezo ya kompyuta pale Imbali, hajawahi kupata siku ya amani: leo intaneti imekata, kesho mchezo umekataa nywila, keshokutwa mteja anapiga meza akidai ameibiwa ushindi. Yote hayo aliyazoea. Hili lilimkondesha.

Lwandle, rafiki yake wa kufa na kuzikana, alikuwa ameshazikwa, kaburi limeanza kuota nyasi. Lakini kwenye mchezo wao wa timu, pembeni ya jina lake, taa ya kijani ilikuwa inawaka. Kijani maana yake mtu yupo, amekaa kitini, anacheza. Vijana wa timu walipoliona hilo walikimbia mmoja mmoja, na nani awalaumu? Hata mimi ningekimbia.

Jumamosi moja asubuhi akaingia mama yake Lwandle, MaNgubane, kipande cha kitambaa cheusi cha msiba kimebanwa begani kwa pini. Hakuwahi kukanyaga duka lile. Hata salamu hakutoa.

"Sibonelo, ni kweli mwanangu anaonekana humo?"

"Mama, hizi ni mashine. Zinakosea."

"Sijakuuliza habari za mashine. Kila nikifumba macho namwona yuko getini kwangu, anatikisa geti, ananiambia, Mama, nimekwama. Na hospitali tulimfuata! Tulikwenda na tawi, tukamwita kwa jina, tukamrudisha. Sasa amekwama wapi?"

Tawi hilo ni la mti wa miba uitwao mphafa. Mtu akifia nje ya kwao, jamaa huenda nalo mpaka pale alipokatia roho, wakamwambia nyanyuka twende, kisha mbebaji humwongoza njia nzima bila kuongea na mwingine yeyote, mpaka nyumbani. Asiyefuatwa hubaki kulekule alikoangukia, na waliobaki nyumbani hawapati usingizi.

"Kaa, Mama," Sibonelo akasema. "Nitaingia kwa jina lake nimtoe mwenyewe."

Nywila alikuwa anaijua, maana walikuwa hawafichani kitu. Akaiandika. Kioo kikamjibu: *Akaunti hii tayari inatumika mahali pengine.*

Akafanya kama anavyofanya siku zote. Alizima ruta, akasubiri, akaiwasha. Akaangalia saa ya kompyuta, maana saa ikikosea seva hukataa kumwingiza mtu. Akafungulia mchezo njia kwenye ulinzi wa kompyuta, akafuta mabaki ya zamani, akaacha laini ya duka akatumia intaneti ya simu yake. Jibu lilelile. MaNgubane alikuwa anamtazama mikono bila kupepesa.

"Umeshindwa?"

"Ah wapi, bado."

Basi akabadilisha nywila, akaweka mpya ambayo hakuna mtu duniani aliyekuwa anaijua isipokuwa yeye, kisha akabonyeza pale pa kutoa kila aliyeingia. Taa ikazimika. Sibonelo akashusha pumzi. Hata hajaimaliza, ikawaka tena.

Lo! Akafungua ukurasa unaoonyesha akaunti imeshikiliwa na kompyuta ipi, akasoma, akasoma tena. Ilikuwa kompyuta ya humu humu dukani, ile ya ukutani, aliyoifunika shuka tangu siku ya msiba. Akainuka kwenda kuiangalia. Waya wake wa umeme ulikuwa umelala sakafuni, haujachomekwa popote. Akauokota, akaugeuzageuza mkononi.

"Nini?" MaNgubane akauliza. "Sema basi, unanitia hofu."

"Mama, Lwandle alianguka kwenye kiti hiki. Hedifoni ziko masikioni. Nilipomshika alikuwa hapumui. Gari la wagonjwa lilimchukua hapa, nao wakaandika amefia hospitalini. Nami nikafuata karatasi yao, sikufikiri."

MaNgubane alikisogelea kiti, akaweka mkono juu yake.

"Kwa hiyo sisi watu wazima tulisimama wodini tunabembeleza kitanda kitupu," akasema. "Na mwanangu yuko huku peke yake. Mungu wangu."

Akatoka bila kuaga. Aliporudi alikuwa na tawi la mphafa, mkono umechubuliwa na miba.

"Baba zake wadogo wako mbali, siwezi kuwangoja. Shika wewe. Mimi nikimwita ataanza ubishi. Wewe alikuwa anakusikiliza."

Sibonelo akalishika. Akaligusisha kwenye kiti. "Lwandle, ni mimi Sibo. Nyanyuka, kaka. Twende nyumbani."

Kwenye kompyuta aliyokuwa akiihangaikia tangu asubuhi, maneno yakajiandika: *Ngoja nimalize.*

"Kumetokea nini? Amesema nini?" MaNgubane akamvuta shati. Sibonelo hakuweza kumjibu, maana ameshashika tawi. Akamgeuzia kioo ili asome mwenyewe.

MaNgubane alicheka na machozi yakamtoka hapohapo. "Ndiye huyu! Chakula kinapoa, ngoja nimalize. Ibada imeanza, ngoja nimalize. Siku moja nilimchomolea waya, akaninunia kama nimemuua." Akavuta kiti, akakaa kando ya kile cha mwanawe. "Maliza, mwanangu. Leo sikuharakishi. Niko hapa."

Wakangoja. Nje watoto walipita wakipiga kelele, mvua ikanyunya na kuacha. Kisha taa ikazimika, na safari hii haikuwaka.

Sibonelo akatoka na tawi, MaNgubane nyuma yake. Sibonelo alimsemesha Lwandle njia nzima, kama alivyokuwa akimwongoza kwenye hedifoni wakicheza. "Kizingiti hicho, inua mguu. Sasa kulia. Gari, subiri. Haya, tuvuke. Niko mbele yako, usiniache."

"Wee Sibo!" kijana mmoja akamdhihaki kutoka kibarazani. "Mashine zimekurusha akili? Unaongea na mti?"

"Funga mdomo, mjinga wewe," mwenzake akamchapa kisogoni. "Huoni anamleta mtu?" Wakasimama wote wawili, wakavua kofia.

MaNgubane alilifungua geti akaliacha wazi. Sibonelo akaingia kwenye nyumba ya mviringo ya uani, mpaka upande wa ndani kabisa ambako waliotangulia husemeshwa, akalilaza tawi chini. "Ni hapa, kaka. Kaa na wenzako."

Alipotoka, MaNgubane alikuwa anamngoja mlangoni, mikono kifuani. Sasa Sibonelo aliruhusiwa kuongea na walio hai.

"Amefika?"

"Amefika, Mama."

MaNgubane akaketi chini palepale na kuegemea ukuta, akafumba macho, na kabla Sibonelo hajajua la kufanya, alikuwa ameshasinzia. Sibonelo akabaki amesimama. Wiki zote hizo alikuwa anafungua duka kabla ya wateja, anawasha kompyuta na kuitazama ile taa, na hakumwambia mtu kwamba kila asubuhi alikuwa anaisalimia. Akaketi karibu na mama wa rafiki yake, akajiziba mdomo kwa shati asimwamshe, akalia.